Anguko la Kumi na Mbili

Walioniuliza nilifikaje Ubavuni nimewajibu kwamba nilitembea mpaka nikafika. Waliotaka zaidi ya hapo nimewaambia njia ipo, waende wenyewe. Ninachoeleza hapa ni nilichokikuta, na nitakieleza kama kilivyokuwa, kwa sababu nimekuwa fundi wa laini za simu miaka thelathini na mitatu, na fundi wa simu hana desturi ya kuongeza maneno ya watu. Kazi yake ni kuyapitisha tu.

Ubavuni ni nchi ndogo iliyokaa kwenye ubavu wa mlima mmoja. Haina mahali tambarare hata pa kuweka kikombe. Kuku akitaga nje ya kiota, yai lake hufuatwa kijiji cha pili, na kijiji cha pili kina sheria ndefu kuhusu mayai ya namna hiyo. Theluji hukaa miezi minane. Mimi natoka Makete, ambako nimewahi kumwona jogoo akiwika ndani ya gunia kwa kukwepa umande ulioganda, kwa hiyo baridi yao niliiona ya kawaida. Wao wenyewe walinishangaza zaidi.

Kilichonipeleka ni uwanja wao wa kutelezea. Nilikuwa nimesoma habari zake kwenye kipande cha gazeti kilichofungia dagaa, na tangu nistaafu mimi husoma kila kinachofungia kitu. Uwanja wenyewe ni mteremko mmoja mweupe, mpana kama mashamba kumi ya chai. Una kamba moja ndefu inayozungushwa na injini iliyokuwa ya kusaga mahindi, na kibanda kimoja cha uji wa moto. Mtu hujifunga mbao mbili ndefu miguuni, hushika kamba, kamba humvuta hadi juu, kisha huachia na kuteremka kwa kuteleza. Basi. Ukifika chini unaanza upya, na hakuna anayekuuliza umeleta nini.

Asubuhi yangu ya kwanza nilihesabu watu tisa katika mteremko wote. Theluji ilikuwa safi, jua lilikuwa zuri, na hakuna aliyepanga foleni. Nikasema moyoni: hawa wamejaliwa, wana nafasi. Lakini kadiri nilivyotazama niliona kwamba hakuna wawili waliokaribiana. Mmoja akielekea kushoto, aliye kushoto alikwenda kulia. Mume na mke walikunywa uji kila mmoja kwenye kona yake ya kibanda, wakiulizana habari za watoto kwa kupaza sauti.

Salamu yao pia ilikuwa ngeni kwangu. Mtu akikuona kwa mbali husimama, hunyoosha viganja vyote viwili vionekane, na kuuliza, "Mikono?" Nawe unanyoosha vyako na kujibu, "Ninayo." Ndipo mnaendelea na safari, kila mtu njia yake. Matajiri wao huvaa makoti yaliyoshonwa mikono ikabaki ndani, ili wasiulizwe kabisa. Watoto wao hutembea wakiwa na miaka minne, kwa sababu hakuna mzazi anayethubutu kuwa chumbani mtoto anapojaribu kusimama.

Aliyenieleza sababu ni Bi Nasikiwa, mtunza kamba. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, amejifunga kilemba cha sufu, uso umechomwa na baridi ukawa kama ngozi ya ngoma iliyopigwa sana. Nilimwendea niombe mbao, akapiga kelele kabla sijamaliza hatua mbili.

"Mzee! Simama hapo hapo! Pana jiwe jekundu mbele yako, umeliona? Usilipite!"

"Nimeliona, dada. Lina nini?"

"Ni hatua arobaini na moja kutoka kwangu. Mbao zako ziko ubavuni mwa jiwe. Zifunge mwenyewe. Mimi nitakufundisha kutoka hapa."

Alinifundisha hivyo, yeye kando ya injini, mimi kando ya jiwe, kwa kupaza sauti kupitia faneli ya kumiminia mafuta. Kunja magoti. Tazama mbele. Ukitaka kupunguza mwendo, panua visigino, ncha za mbao zikaribiane. Nikamuuliza kwa nini hasogei ili anionyeshe.

"Mgeni hakuambiwa mpakani?" akauliza. "Hapa hakuna mtu anayeanguka mwenyewe. Sheria imeshasema. Kila anguko lina mkono wa mtu. Ukianguka, unalala hapo ulipoangukia mpaka Afisa Maanguko aje aandike nani kakusukuma."

Nilicheka. Kwetu pia tunasema hivyo, nikamwambia. Ng'ombe akifa, ndoa ikivunjika, mtu akikosa cheo, tunasema pana mkono wa mtu. Lakini hatuna ofisi yake.

"Sisi tunayo," akasema. "Ina vyumba ishirini."

"Na asipotajwa mtu?"

"Linaandikwa jina la aliyekuwa karibu zaidi. Ndiyo maana kila mtu anatakiwa akae hatua mia kutoka kwa mwenzake. Mimi peke yangu nimeruhusiwa arobaini na moja, maana bila hivyo kamba haiwezi kuendeshwa. Kwa hiyo akianguka mtu hapa chini, aliye karibu ni nani?"

Akaendelea kwa sauti ile ile ya kuelekeza magoti.

"Nimeandikwa mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili mtu anashushwa Tambarare, chini huko kusiko na theluji, na harudi tena. Baba yangu alishushwa. Jirani yetu alipanda paa kuondoa theluji, baba akiwa uani kwake akamwita kumsalimia, yule akageuka, akaanguka, akafa. Baba kaandikwa. Kwa kifo hawasubiri kumi na mbili. Alikufa huko huko Tambarare, wanasema alikuwa anashinda amesimama juu ya kiti." Akanyoosha kidole kuelekea kibanda cha uji. "Yule mzee aliyeupa mteremko mgongo ni mtoto wa aliyeanguka. Anaitwa Sangito. Tunapakana ukuta. Miaka ishirini na sita hatujasalimiana."

"Kwa nini huachi kazi hii, ukae mbali na watu?"

Hapo akashusha faneli. Alinitazama kama mtu anayepima kamba kabla ya kuning'inia.

"Alfajiri, kabla hamjaja, napanda peke yangu nateremka. Hakuna anayeniona. Mzee, hujui utamu wake."

"Na huanguki?"

"Naanguka sana," akasema, kisha akatazama huku na huku haraka.

"Anakusukuma nani?"

"Nyamaza, mzee. Shika kamba. Na tafadhali, nakuomba kama ningemwomba baba yangu: usianguke."

Nikamjibu kwamba nimepanda nguzo za simu kutoka Makambako mpaka ziwani, kwenye mvua na upepo, na sikuwahi kuanguka hata siku moja. Hii haikuwa kweli. Nilianguka mara mbili, na mara ya pili nilimwambia msimamizi kwamba nguzo ililiwa na mchwa.

Nilishika kamba, ikanivuta. Juu kabisa niliona nchi yote imeinama kama paa, na watu wake tisa wametawanyika mbali mbali kama punje zilizodondoka kwenye gunia lililotoboka. Nikaachia.

Nasema bila majivuno kwamba niliteremka vizuri. Nilikunja magoti, nikapanua visigino. Upepo ulinipiga machozi yakaenda masikioni. Katikati nilianza kujiona kijana. Nilipofika karibu na jiwe jekundu, safari imekwisha na lililobaki lilikuwa kusimama tu, nikafanya jambo ambalo sikuwa nimefundishwa: niligeuza shingo kutazama kama Bi Nasikiwa ameniona. Mbao moja ikaenda ilikokuwa inakwenda, nyingine ikanifuata mimi. Nikalala chali.

Injini ilizimwa. Bi Nasikiwa alikuwa amesimama, mikono miwili kaiweka kichwani, na wale wengine wanane walikuwa wamenyoosha viganja juu, kila mmoja mahali pake, ili ionekane vizuri kwamba anavyo vyote viwili.

"Sijaumia!" nikapaza sauti, nikaanza kuinuka.

"Usiinuke!" akalia yule mama. "Ukiinuka bila kuandikwa yanakuwa makosa mawili!"

Basi nikalala. Baada ya muda akaja Afisa Maanguko, Bwana Ndelwa, mtu mnene mwenye kofia ya manyoya, faili kwapani na chupa ya chai begani. Alikuja kwa miguu akitumia fimbo. Alipobakiza hatua chache mguu wake uliteleza, akayumba, goti likagusa theluji, akainuka upesi kuliko nilivyodhani mwili ule unaweza. Tukatazamana.

"Hukuona kitu," akasema.

"Nimelala chali, Bwana Afisa. Naona mawingu tu."

Alishukuru kwa kukohoa, akafungua faili. "Jina la aliyeanguka?"

"Yeremia Mlowe, mstaafu."

"Jina la aliyesukuma?"

"Hakuna."

"Fomu haina nafasi ya hakuna."

"Basi andika nimeanguka mwenyewe."

Alimimina chai, akanywa, akanitazama kwa huruma ya kazi. "Mzee wangu, nina miaka kumi na tisa katika idara hii. Nimeshughulikia maanguko elfu mbili mia tatu. Sijapata hata moja la mwenyewe. Kama yangekuwepo ningeshayakuta. Sasa fikiri kwa utulivu. Una adui?"

"Huku sina. Nimefika jana."

"Kwenu?"

"Kwetu ninao, lakini ni mbali."

"Umbali si hoja. Mwaka juzi mtu alimtaja mkwewe aliyekuwa kitandani na homa. Tulikwenda, tukamkuta kweli anayo mikono." Akafunua ukurasa. "Ukikosa jina mpaka jua litoke kwenye mteremko, naandika aliye karibu. Naona ni mama wa kamba. Huyo ni mzoefu."

Nilinyanyua kichwa. Bi Nasikiwa alikuwa hatua arobaini na moja kutoka kwangu. Alikuwa ameanza kukusanya vitu vyake kando ya injini: faneli, kopo la grisi, kanga iliyofungiwa mkate. Alivifunga polepole, kwa unadhifu, kama mtu aliyezoea wazo la kushushwa kwa muda mrefu. Hakunitazama, na nadhani angenitazama kwa hasira ningeweza kuvumilia.

"Sheria yenu inaruhusu kukata rufaa?" nikauliza.

"Inaruhusu kwenda barazani ukiwa umelala," akasema Bwana Ndelwa.

Nikapelekwa barazani nimelala juu ya mbao zangu, nikivutwa na punda.

Baraza la Ubavuni lina wajumbe kumi na watatu, na kila mjumbe hukaa ndani ya kizimba chake chenye kuta tatu, asije akamgusa jirani wakati wa kutetea hoja. Aliyeongoza aliitwa Mheshimiwa Sekiete, mama mwenye miwani jozi mbili, moja machoni na nyingine kwenye nywele. Nililazwa katikati. Bi Nasikiwa alisimamishwa mlangoni na kifurushi chake. Katika kizimba cha mwisho nikamwona yule mzee wa kibanda cha uji, Sangito. Kumbe naye alikuwa mjumbe.

Mjumbe wa kwanza aliuliza kama mgeni anaruhusiwa kuanguka kabla ya kukaa nchini siku saba. Walijadili hilo kwa saa nzima. Wa pili alipendekeza sheria ibadilishwe, akakumbushwa kwamba sheria ikianguka itabidi aandikwe aliyeisukuma, akaomba maneno yake yafutwe. Wa tatu alilala usingizi. Mheshimiwa Sekiete akanigeukia.

"Mgeni, una la kusema?"

"Nina swali, Mheshimiwa. Asipotajwa mtu anaandikwa aliye karibu zaidi. Ni kweli?"

"Ndivyo sheria inavyosema."

"Mama huyu alikuwa hatua arobaini na moja kutoka kwangu. Na mimi nilikuwa hatua ngapi kutoka kwangu?"

Wajumbe walitazamana kupitia pembe za vizimba. Aliitwa mpimaji. Alikuja na kamba yake yenye mafundo, akaishika ncha moja kifuani pangu, akatafuta mahali pa kushika ncha ya pili, akakosa. Akasema kipimo chake huanzia hatua moja.

"Tuseme ni chini ya hatua moja," nikasema. "Basi aliye karibu zaidi ni mimi. Niandikeni mimi."

"Mtu hawezi kujisukuma!" akadakia mjumbe mmoja.

"Anaweza, bwana. Nitakueleza na namna." Hapo ilinibidi niseme jambo ambalo mtu wa umri wangu hapendi kulisema mbele ya watu, tena akiwa amelala. "Nilikuwa nimeteremka vizuri. Nikataka mama huyu aone nilivyoteremka vizuri. Nikageuza shingo kumtazama kama ananitazama. Alikuwa hafanyi kitu. Aliniambia tazama mbele, mimi nikatazama nyuma nitafute sifa. Anguko langu lote limo humo."

Kukawa na minong'ono. Mheshimiwa Sekiete akashusha miwani ya nywele juu ya ile ya macho. "Bwana Ndelwa, wewe ndiye mtaalamu. Katika miaka yako kumi na tisa umeona mtu akiteleza bila kuwa na mtu wa kumsukuma?"

Bwana Ndelwa alinitazama. Nami nikatazama dari, kama nilivyokuwa nimetazama mawingu.

"Mheshimiwa," akasema, akikohoa, "nimeona... karibu. Goti moja tu."

Hakuulizwa zaidi, kwa sababu Mzee Sangito alikuwa amesimama. Alikuwa mrefu, na kichwa chake kilipita ukuta wa kizimba. Hakumtazama mtu.

"Mnacheka," akasema, ingawa hakuna aliyecheka. "Mnaliona jambo jepesi, kwa sababu mgeni kaumia makalio tu. Mimi baba yangu alianguka paani. Nilikuwa nashika ngazi. Niliona. Watu wa ofisi walipokuja nikaambiwa nitaje, nikamtaja jirani. Kijana wa miaka thelathini, baba amelala kwenye theluji, wanakuuliza nani. Unafikiri utajibu hakuna?" Akashika ukuta wa kizimba. "Nimekula na chuki ile miaka ishirini na sita. Nimelala nayo. Nimejenga ukuta kwa ajili yake. Leo mkiniambia mtu anaweza kuanguka mwenyewe, nitampeleka wapi baba wa yule mama aliyesimama mlangoni? Nani atamrudisha kutoka Tambarare?"

Hata yule mjumbe aliyelala alikuwa ameamka. Bi Nasikiwa aliweka kifurushi chake chini, taratibu, kama kimekuwa kizito ghafla.

"Alimwita tu kumsalimia," akasema. "Alitaka kumwambia kahawa iko tayari."

"Najua," akasema Mzee Sangito. "Niliisikia sauti yake. Baba aligeuka akicheka."

Wakapiga kura kama niandikwe mimi. Ubavuni hawapigi kura kwa mkono, maana mkono ni kitu cha kutuhumiwa. Mjumbe anayekubali hutoa mguu nje ya kizimba. Ilitoka miguu sita. Sita ikabaki ndani. Tulimsubiri Mzee Sangito kwa muda ambao punda wangu alimaliza fungu zima la majani. Kisha ukatoka mguu mmoja mrefu, umevaa kiatu cha kamba, ukakaa nje na haukurudi.

Uamuzi ulisomwa palepale, nami ninao mpaka leo, umegongwa mihuri minne. Unasema Yeremia Mlowe, mstaafu, amepatikana na kosa la kumsukuma Yeremia Mlowe, mstaafu, kwa kukusudia kusifiwa. Anatakiwa kumwomba radhi aliyesukumwa mbele ya mashahidi, na kukaa hatua mia kutoka kwake muda wote awapo nchini. Kwa kuwa amri hii ya pili mpimaji ameshindwa kuitekeleza, mhalifu na mwathirika wote wawili waondoke Ubavuni kesho kabla ya saa sita. Jina la mtunza kamba lisiandikwe.

Niliomba radhi. Nikaulizwa kama nimekubali radhi hiyo. Nikasema nahitaji muda wa kufikiri, kwa sababu namfahamu aliyeomba, na si mara yake ya kwanza. Hilo nalo likaandikwa.

Asubuhi nilikwenda kurudisha mbao. Injini ilikuwa inanguruma na Bi Nasikiwa alikuwa mahali pake.

"Mikono, mzee?" akaniita.

"Ninayo, dada. Mmoja una malengelenge."

"Ndiyo malipo ya kushika kamba kama unaikaba."

Tulikuwa tunataniana hivyo ndipo alipotokea Mzee Sangito, kavaa mbao za zamani ambazo nadhani zilikuwa za baba yake, maana vifungo vyake vilikuwa na mabaka ya kutu. Alikuja mpaka kwenye jiwe jekundu. Akasimama. Hakusalimu, miaka ishirini na sita haifunguki kama mlango. Akashika kamba. Nilimwona Bi Nasikiwa akipunguza mwendo wa injini, na kamba ikampandisha mzee yule polepole.

Aliteremka vibaya sana. Hakukunja magoti na mikono yake ilikuwa inatafuta kitu hewani. Karibu na jiwe akalala kifudifudi.

Watu wote walinyoosha viganja. Kutoka mlangoni mwa kibanda cha uji, Bwana Ndelwa akasimama na faili lake, akaita kwa sauti ya kazi: "Nani?"

Mzee Sangito alibaki uso ukiwa ndani ya theluji. Mabega yake yalitikisika, na kwa umbali ule sikuweza kujua ni kicheko au ni kile kingine.

"Nani, Mzee Sangito? Nimekuja na kalamu!"

"Andika jina la aliyelisukuma goti lako!" akajibu mzee bila kuinua uso.

Bwana Ndelwa alifunga faili. Alilifungua tena, akalifunga.

Ndipo Bi Nasikiwa alipozima injini. Akapita mpaka wake wa hatua arobaini na moja kana kwamba haukuwahi kupimwa, akalipita jiwe, akasimama juu ya jirani yake. Akavua glavu. Mzee aliinua uso mweupe wa theluji, akautazama mkono ule kwa muda. Akaushika. Alikuwa mzito, na mama alikuwa mwembamba, kwa hiyo mara ya kwanza nusura waanguke wote wawili. Mara ya pili akasimama.

"Kahawa iko tayari," Bi Nasikiwa akasema.

Sikusikia alichojibu. Saa sita ilikuwa imekaribia, na mimi na mwenzangu tulikuwa na amri ya kuondoka.

Sijui mambo yaliendaje baadaye. Huenda ile ofisi ya vyumba ishirini bado ipo. Ofisi hazianguki haraka. Mimi niko Makete. Mwezi uliopita niliteleza bafuni nikakaa chini kwa kishindo, na mke wangu akauliza kutoka jikoni, "Nini hicho?" Kinywa changu kilikuwa kimeshafunguka kuuliza nani kaacha sabuni hapa. Sabuni nilikuwa nimeiacha mimi. Nilikaa pale kwenye maji nikitafuta mtu wa kumtaja, nikapita majirani wote, nikapita watoto, nikafika mpaka kwa aliyetengeneza ile sabuni. Kisha nikaita, "Mama Neema, njoo unipe mkono."

Akaja, akicheka.